Mchoraji wa Tingatinga na Kikundi Chake: Rangi, Oda na Saini

Picha ya Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa Dar es Salaam wa wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa, inakaa ikisubiri kwa muda mrefu kuliko inavyochorwa. Brashi inaweza kugusa kanvasi ya sentimita 60 kwa 60 kwa saa chache tu. Lakini rangi inayotumika ni ileile ya mafuta inayopakwa kwenye milango na madirisha, na kila tabaka linataka kulala usiku mzima kabla ya kuguswa tena. Picha yenye tabaka nne haiishi chini ya siku nne, hata fundi awe mwepesi namna gani. Anayechora picha mojamoja chumbani kwake atakaa mikono mitupu sehemu kubwa ya wiki. Barazani penye wachoraji sita, picha kumi zinakwenda pamoja: hizi zinapakwa mandhari, zile zinajazwa, nyingine zimetundikwa ukutani zinakauka, na hakuna anayemngoja mwenzake.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya wachoraji wa mtindo huu kukaa vikundi, na ni sababu ya kazi yenyewe. Undugu na upendo vipo, lakini vilikuja vikakuta kazi inavidai.

Mtindo ulianza hivyohivyo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968. Alichukua alichokikuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi: vipande vya mraba vya hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) vya kama sentimita 60, na makopo ya rangi ya kung'aa. Mnyama mmoja au ndege wawili, mandhari ya rangi moja au mbili, basi. Kazi aliziuza Oysterbay, nje ya Morogoro Stores, mahali walipokuwa wakinunua mahitaji wageni wengi waliokaa mitaa ile. Aliwafundisha vijana wa ukoo na wa kwao, wakiwamo Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Kwa kawaida kazi ya miaka minne ya mtu mmoja ingezikwa naye. Haikuzikwa kwa sababu ujuzi ulikuwa tayari mikononi mwa watu kadhaa, na wote walijua mahali pa kuuzia. Wanafunzi wake waliendelea palepale, wakaleta wadogo zao na wapwa zao kutoka kusini, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Mwaka huohuo alioaga Tingatinga, 1972, Dar es Salaam ilipata pia Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa na Sista Jean Pruitt pamoja na wasanii vijana. Miaka mingi baadaye, mwaka 2008, ikaja Nafasi Art Space kule Mikocheni, ambako makontena yamegeuzwa kuwa studio. Nafasi na baraza la Tingatinga zina tabia tofauti. Nafasi inampa msanii chumba chake na faragha ya kutafuta lugha yake mwenyewe. Baraza la Tingatinga halina faragha hata kidogo, na anayetaka utulivu ili afikiri atateseka pale. Makala hii inazungumzia baraza.

Kitambaa, rangi na mambo yanayoharibika

Hadibodi bado inatumika, lakini mtalii hawezi kuikunja akaitia kwenye begi, kwa hiyo kazi nyingi sasa ziko kwenye kanvasi. Kanvasi hiyo kwa kawaida ni kitambaa cha pamba kiitwacho marekani kilichovutwa juu ya fremu ya mbao na kupigwa pini. Kwa picha ya sentimita 60 kwa 60, kata kitambaa cha 76 kwa 76. Zile sentimita nane kila upande zinazunguka unene wa mbao na kubaki za kushikia nyuma. Anza pini moja katikati ya kila upande, ukienda upande unaotazamana, kisha sogea kuelekea pembeni. Anayeanzia kona moja na kuzunguka fremu atapata mikunjo ya mshazari ambayo hakuna rangi itakayoificha.

Kitambaa kitupu hakipakwi rangi ya mafuta moja kwa moja. Mafuta huingia kwenye nyuzi za pamba, rangi ya juu inabaki kavu na dhaifu, na baada ya miaka kitambaa chenyewe huungua na kuchanika kama karatasi. Kinga yake ni rahisi: sehemu tatu za rangi nyeupe ya maji, sehemu moja ya gundi nyeupe ya mbao, na maji kidogo mpaka iteleze. Paka mikono miwili, yaani mara mbili, kila mkono ukauke kabisa, kisha pitisha msasa laini. Gundi ikizidi, uso unakuwa wa kuteleza na rangi ya mafuta haishiki. Utaigundua siku utakapobandua kipande cha utepe na rangi ikafuatana nacho. Ukipaka mkono mmoja tu kwa haraka, ukigeuza kanvasi utaona mafuta yametokea nyuma madoa madoa.

Kazi hii ya kuvuta na kupaka kitambaa ndiyo ya kwanza kugawanywa kikundini, na inafaa ifanywe kwa wingi. Fremu 20 zikiandaliwa siku moja na vijana wawili, mafundi wana kazi ya wiki mbili. Fremu mojamoja ikiandaliwa na kila mtu kwa wakati wake, hazilingani: moja imepinda, nyingine imelegea, ya tatu ina mkono mmoja. Fremu zikatwe kwa kipimo kimoja cha mbao, na kona zipimwe kwa kulinganisha mishazari miwili. Mishazari isipolingana urefu, fremu si mraba, na itaning'inia upande ukutani kwa mteja.

Kwenye rangi, makopo matano yanatosha kuanzia: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na bluu. Kijani ni njano na bluu. Kahawia ni nyekundu, njano kidogo na tone la nyeusi. Kijivu cha tembo ni nyeupe na nyeusi, na bluu kidogo sana ili kisionekane cha saruji. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika kama mita 12 za mraba kwa mkono mmoja. Picha ya 60 kwa 60 ni mita za mraba 0.36, kwa hiyo lita moja inatosha mandhari ya picha zaidi ya 30. Ndiyo maana mchoraji wa peke yake anayenunua vikopo vya robo lita analipa zaidi kwa kila picha, na nusu ya kopo inamgandia kabla hajaimaliza. Kikundi kinanunua makopo ya lita nne, kinagawa kwenye vichupa, na kinaandika kwenye daftari nani amechukua nini. Daftari hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ugomvi mwingi wa barazani unaanzia kwenye kopo la nyeupe, kwa sababu nyeupe ndiyo inayoisha kwanza.

Kopo lililofunguliwa lifunikwe kwa kipande cha nailoni kinacholala juu ya rangi yenyewe, kisha kifuniko. Ngozi ikishaundwa, iondolewe nzima na rangi ichujwe kwa soksi kuukuu ya nailoni. Anayeikoroga ndani atapata punje kwenye kila picha ya wiki hiyo.

Mandhari hupakwa kwa brashi ya inchi mbili. Kwa machweo, paka njano chini, rangi ya chungwa katikati, nyekundu juu, zote zikiwa mbichi ndani ya dakika kumi hivi, kisha pitisha brashi kavu na safi kwa ulalo kwenye mipaka mpaka rangi ziingiane. Ukichelewa, rangi imeanza kushika na brashi inaacha michirizi. Kupunguza uzito, kijiko kimoja cha chakula cha tapentaini kwa robo lita kinatosha. Wengi hutumia mafuta ya taa kwa sababu ni ya bei nafuu, lakini mafuta ya taa ni mazito kukauka, hufifisha mng'ao, na picha inabaki ikinata siku kadhaa. Yatumike kuoshea brashi tu, na baada ya hapo brashi ioshwe kwa sabuni.

Kuna vijana wanaotaka kukausha haraka, wanaitoa picha juani. Rangi nene iliyo juani hukauka juu kwanza, ngozi inaundwa, huku chini bado mbichi. Ngozi hiyo inatanuka, haina pa kwenda, inakunjamana. Tiba haipo isipokuwa kukwangua na kuanza upya. Kivuli chenye upepo ndicho mahali pake. Kosa jingine, la gharama zaidi, ni kupaka rangi ya magari juu ya rangi ya mafuta. Thina yake ni kali, inalainisha tabaka la chini na kulinyanyua. Rangi zote za picha moja zitoke kwenye jamii moja ya rangi.

Baada ya mandhari kulala, mchoro huwekwa kwa chaki, kwa sababu chaki inafutika kwa kitambaa kikavu bila kuacha alama. Kisha umbo zima linajazwa rangi moja, twiga wa njano mtupu au chui wa kahawia mtupu, na linalala tena. Siku ya tatu ni mabaka na mistari. Siku ya mwisho ni vidoti vyeupe, kucha, manyoya na macho. Vidoti vinapigwa kwa ncha ya mpini wa brashi, njiti ya kiberiti au kichwa cha msumari, na rangi ya vidoti haipunguzwi kabisa; ikiwa nyepesi inatandaa, na vidoti vinavyotakiwa kuwa na kichwa vinakuwa madoa bapa. Brashi za mistari ni namba 1 na 2, na mkono unaochora mstari mrefu wa shingo ya twiga unasogea kutoka begani, kidole kidogo kikiegemea kanvasi mahali palipokauka.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hesabu hizi zote zinavurugika. Hewa ya Dar es Salaam imejaa maji, tabaka lililokuwa likikauka usiku mmoja linataka mbili au tatu, na mng'ao unaweza kupata ukungu mweupe. Kikundi kinachojua hali hii hakipokei oda ya Aprili kwa kipimo cha Julai. Miezi ya masika ni mizuri kwa kukata fremu, kuvuta vitambaa, na kufundisha.

Kuingia na kupanda

Kijana hapewi brashi namba 1 siku ya kwanza, na hilo si uchoyo. Anaanza kwa kuosha brashi, anaingia kwenye fremu na vitambaa, kisha mandhari, kisha majani na nyasi, kisha kujaza maumbo yaliyochorwa na fundi. Wanyama wake mwenyewe wanakuja baadaye, na saini mwisho kabisa. Kila ngazi ina sababu. Anayeosha brashi anajifunza jinsi rangi inavyotenda ikiwa mbichi, nusu kavu na kavu. Anayepaka mandhari 50 amepata mkono wa kuchanganya rangi bila kufikiri. Anayejaza maumbo ya fundi anafuata ukingo uliochorwa na mkono uliokomaa, na ukingo huo unamwingia.

Ubaya wa mfumo huu uko wazi pia. Kijana anaweza kuachwa kwenye nyasi miaka, kwa sababu anapiga nyasi nzuri na fundi anamhitaji hapo. Kikundi kizuri kina kawaida ya kumpa mwanafunzi siku yake, siku moja ya wiki ambayo anachora picha yake kwa vifaa vya kikundi, na picha hiyo inatundikwa na nyingine kwa bei ndogo. Mzee anaipitia mbele ya wenzake: "Mjukuu, huyu kiboko wako miguu yote minne iko mbele." Watu wanacheka, kijana anarekebisha. Utani huo ni sehemu ya mafunzo, lakini usizidi. Mwanafunzi aliyeaibishwa mbele ya wateja huwa harudi.

Mara nyingi anayefundishwa ni mtoto wa dada au jirani wa kijijini, kwa hiyo malipo ya mafunzo hayatajwi. Yatajwe. Chakula cha mchana, nauli, na fungu dogo kwa kila picha aliyoishika: vikiwekwa wazi tangu mwanzo, mjomba na mpwa watabaki ndugu. Visipowekwa wazi, siku kijana atakapopata mteja wake wa kwanza ataondoka naye usiku.

Oda kubwa

Hoteli ikiagiza picha 40 za aina moja, hakuna mchoraji mmoja anayeweza kuibeba kwa wakati, na hapo kikundi kinapata nafasi ambayo mtu peke yake hana. Hapo pia ndipo vikundi vingi vinapoaibika.

Kwanza ni sampuli. Picha moja inachorwa na fundi, mteja anaikubali na kuisaini nyuma, na inabaki barazani mpaka oda iishe. Bila hiyo, mwishoni mteja atasema alitaka rangi nyingine, na hakuna wa kumbishia. Pili ni malipo ya awali, angalau nusu, kwa sababu vifaa vyote vinanunuliwa mwanzoni. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, rangi ya mandhari ya oda nzima ichanganywe mara moja kwenye ndoo moja. Picha 40 za 60 kwa 60 ni mita za mraba 14.4, kwa mkono mmoja lita moja na robo, kwa mikono miwili lita mbili na nusu, ongeza nusu lita ya akiba. Ukichanganya kidogokidogo kwa macho, rangi ya Jumatatu na ya Alhamisi hazitafanana, na kwenye ukumbi wa hoteli zikitundikwa mfululizo hata mtoto ataona.

Kugawana kazi kunaweza kwenda kwa njia mbili. Ama kila mchoraji anachukua picha sita au saba na kuzimaliza mwenyewe, ama kazi inapita kwa hatua: wawili mandhari, wawili kujaza, mmoja mistari, mmoja vidoti. Njia ya pili inaleta mfanano mkubwa na kasi, lakini inachosha, na mchoraji wa mistari anaanza kuharibu baada ya picha kama 15 kwa siku. Kwetu, mgawanyo wa hatua unafaa kwa picha ndogo za sentimita 20 au 30. Picha kubwa ziachwe kwa mtu mmoja kuanzia chaki mpaka vidoti, vinginevyo zinatoka hazina roho, na mteja anahisi hata kama hajui kueleza.

Kasoro za oda kubwa hujificha kwenye picha za mwisho. Watu wamechoka, pesa ya malipo ya awali imekwisha, na kila mtu anafikiria oda inayofuata. Ukaguzi ufanyike kwa picha ya 10, ya 20 na ya 30, usisubiri siku ya kukabidhi.

Kusafirisha nako kuna ujuzi wake. Picha isikunjwe kabla ya wiki tatu au nne tangu mkono wa mwisho, kwa sababu rangi inayoonekana kavu juu bado ni laini ndani. Inapokunjwa, upande wenye rangi uwe nje. Ukiwa ndani rangi inabanwa, na ikifunguliwa inapasuka mistari. Bomba la kuviringishia picha liwe na kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Kati ya picha na picha weka karatasi ya kuokea mikate. Gazeti hunata na kuacha herufi kwenye mbingu ya bluu, na nailoni ikipata joto la kontena inashikana na rangi moja kwa moja. Acha pia ukingo wa sentimita tano bila mchoro kila upande. Fundi fremu wa huko Japani au Ujerumani hana pa kushika kama twiga wako amefika ukingoni, atamkata masikio.

Hela

Chukua mfano wa picha iliyouzwa shilingi 100,000. Vifaa vimekula 22,000. Kikundi kinachukua asilimia 20 kwa ajili ya kodi ya banda, umeme, mlinzi na mfuko wa dharura. Swali ni asilimia 20 ya nini. Ikikatwa kwenye bei nzima ni 20,000, na mchoraji anabaki na 58,000. Ikikatwa baada ya kutoa vifaa ni 15,600, na anabaki na 62,400. Kijana aliyepiga mandhari na nyasi akipewa 10,000, fundi ana 52,400 kwa njia ya pili. Tofauti ya 4,400 si kubwa, lakini njia ya kwanza inamwadhibu anayetumia rangi nyingi na nzuri, na polepole kikundi kizima kinaanza kupaka mkono mmoja. Tunaona ya pili ni ya haki zaidi, kwa sharti kwamba vifaa vinatoka kwenye stoo ya pamoja na daftari linasema kweli.

Bei ya chini kwa kila ukubwa ikubaliwe na wote na iandikwe ndani, mahali ambapo mteja haoni. Bila hiyo, siku ya Mei isiyo na wateja mtu mwenye shida ya nauli atauza picha ya 100,000 kwa 30,000, na mteja huyo atarudi Julai na wenzake wakidai bei ileile kwa kila mtu. Mwenye shida akopeshwe kutoka mfuko wa pamoja. Ni nafuu kwa kikundi kuliko bei kuvunjika.

Mfuko huohuo ndio unaobeba misiba na hospitali. Kwa wachoraji wengi hakuna mshahara wala mafao, na mkono uliovunjika ni miezi miwili bila kipato. Kiasi cha mchango wa msiba kiandikwe mapema, na iandikwe ni msiba wa nani unaohesabika: mzazi, mke au mume, mtoto. Huku kwetu kila mtu ana ndugu wengi, na mfuko usio na mpaka unakauka kabla ya Krismasi.

Kuigana na saini

Hapa ndipo msaada wa kikundi unapogeuka mzigo. Kila mtu anaona kazi ya kila mtu. Mchoraji akibuni kitu kipya Jumatatu, tuseme daladala iliyojaa pundamilia, na kikauzwa Jumatano, Ijumaa kuna daladala tano barazani, na kufikia mwisho wa mwezi bei imeshuka nusu. Aliyebuni hakupata chochote zaidi ya picha moja. Akili yake inamwambia asibuni tena, au achore nyumbani kwa siri, na yote mawili yanakiua kikundi. Ukiona mabanda kumi yenye Kilimanjaro ileile, tembo walewale na mbuyu uleule, usidhani wachoraji hawana ubunifu. Wamefanya hesabu.

Kisheria mambo yako hivi. Mtindo hauna mwenyewe: mandhari ya rangi moja, mnyama wa macho makubwa, vidoti, vyote ni mali ya wote, na Tingatinga mwenyewe alifundisha ili vitumiwe. Picha mahususi, kwa mpangilio wake, ina mwenyewe tangu inapochorwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaipa ulinzi maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, inasajili kazi ili kuwe na ushahidi. Lakini hakuna atakayempeleka mpwa wake mahakamani kwa ajili ya daladala ya pundamilia. Kwa hiyo kanuni ya ndani ndiyo inayofanya kazi: picha mpya inapigwa picha kwa simu na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp siku inapomalizika, pamoja na jina la mbunifu, kwa miezi sita hakuna mwingine anayeichora bila ruhusa, oda ya picha hiyo ikija, mbunifu anaulizwa kwanza, na akiwaachia wenzake anapata fungu kwa kila nakala. Baada ya miezi sita ni ya wote. Muda mfupi zaidi haumfaidii mbunifu, mrefu zaidi hakuna atakayeufuata.

Saini haina mjadala. Anayesaini ni aliyechora. Picha iliyopita mikono minne inasainiwa na aliyetunga na kuweka mistari, na nyuma ya kanvasi yanaandikwa kwa penseli majina ya waliosaidia, mwezi na mwaka. Kijana anayechora kwa jina la fundi maarufu analipwa leo, lakini baada ya miaka kumi hana kazi hata moja ya kumwonyesha mwenye jumba la sanaa. Na soko la kazi za kwanza kabisa limeshachafuliwa na picha zenye jina la E. S. Tingatinga ambazo hakuzichora yeye. Mtu aliyechora miaka minne hawezi kuwa na kazi zisizoisha, na wanunuzi wakubwa wanajua.

Afya, kwa ufupi

Rangi za mafuta za njano kali na nyekundu ndizo ambazo mara nyingi hukutwa na madini ya risasi. Nunua zilizoandikwa kwamba hazina risasi, na hata hivyo usichonge ncha ya brashi kwa midomo, usipige msasa rangi kavu bila maji, na nawa kwa sabuni kabla ya kula. Watoto wanaocheza chini ya meza za kuchorea wahamishiwe upande mwingine wa baraza. Chumba kilichofungwa chenye tapentaini kinaleta kichwa kuuma na kizunguzungu. Ukianza kuvihisi, umeshavuta ya kutosha, toka nje. Matambara yenye mafuta yasirundikwe kwenye ndoo usiku, kwa sababu yanapokauka hujipasha joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yaanikwe kwenye kamba, mojamoja.

Picha ambazo hazijauzwa zisigeuzwe uso ukutani miezi mingi. Nyeupe ya rangi ya mafuta ikikaa gizani hupata umanjano. Ikirudishwa kwenye mwanga wa kawaida, nje ya jua kali, inarudi kiasi baada ya wiki chache. Kwa hiyo kila mwezi mtu mmoja apewe zamu ya kuzipanga upya: za nyuma zije mbele, vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu, na zile ambazo zimekaa mwaka mzima zishushwe, zipakwe mandhari mpya, zichorwe kitu kingine.